Nilisema Zimekwisha

Jumatatu, 24 Novemba 1997

Mvua tangu alfajiri. Redioni wanaiita El Nino. Mama anaiita mvua ya watu waliosahau kusali. Nimefika kazini viatu mkononi.

Hii ni wiki yangu ya tatu kama karani wa stoo ya dawa na vifaa. Stoo ni chumba kirefu chini ya kilima cha hospitali, kimejengwa kuegemea jiwe kubwa, hivyo ukuta wa nyuma unatoka jasho mvua ikinyesha. Kuna dirisha moja lenye nondo. Wauguzi wanakuja hapo na karatasi ya maombi, nami nawapa wanachotaka. Kazi nyepesi kwa mtu aliyemaliza kidato cha sita, ndivyo wanavyosema. Mimi nalala nikiyawaza makufuli.

Bwana Luhende, katibu wa hospitali, alinipa kazi hii kwa ajili ya Baba. Walisoma pamoja. Baba yuko nyumbani tangu kiwanda kilipouzwa, na mshahara wangu ndio unaowasha jiko. Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Januari. Bwana Luhende ameshaniambia, kwa upole wake, kwamba misheni nayo inapunguza watu. “Stoo ndiyo moyo wa hospitali, binti yangu. Moyo haumwagi damu ovyo.”

Alhamisi, 27 Novemba

Sista Wilhelmina wa wodi ya watoto wachanga alianza kuniita tangu akiwa kwenye ngazi. Ni Mkerewe, mnene, sauti yake inavuka ziwa.

“Bibi Makufuli, amka.”

“Shikamoo, Sista.”

“Marahaba. Hiyo shikamoo ungenifungia pamoja na pamba nikaenda nayo wodini, kule hakuna anayenipa.”

Wenzake walicheka. Nilimpa pamba. Simpendi mtu wa kelele.

Jumanne, 2 Desemba

Reli imekatika huko Dodoma, maji yamechukua tuta. Mizigo yetu imekwama. Bwana Luhende ameagiza kila wodi ipewe nusu ya inachoomba.

Ijumaa, 5 Desemba

Leo imefunguliwa wodi ya kulipia. Vyumba vinne, mapazia, feni, choo ndani. Katika hotuba yake Bwana Luhende alisema zama zimebadilika, na hospitali isiyojifunza biashara itafungwa kama viwanda vilivyofungwa. Watu wakapiga makofi. Nilimkumbuka Baba, nami nikapiga.

Baadaye alikuja stoo peke yake. Alitaka kuona kanula, ile mirija myembamba ya plastiki inayoachwa ndani ya mshipa ili dripu ipite. Zinatofautishwa kwa rangi. Za njano ndizo ndogo kuliko zote, na ndizo pekee zinazofaa mshipa wa mtoto mchanga. Yamebaki maboksi mawili. Moja akasema niendelee kuligawa. Jingine alilipandisha mwenyewe rafu ya juu kabisa, nyuma ya mabunda ya shashi, mzee mzima juu ya stuli.

“Hili ni la wodi ya kulipia. Mteja anayelipa haambiwi hakuna. Lisiguswe bila mimi.”

“Ndiyo, mzee.”

“Wala lisisemwe. Wauguzi wana huruma isiyo na mpango.”

Nilimshikia stuli akashuka. Nilijisikia mtu wa kuaminiwa.

Jumatano, 10 Desemba

Wachukuzi hawakuja kwa sababu ya mafuriko ya Mkuyuni, kwa hiyo nilipandisha chupa za dripu mwenyewe hadi wodi ya watoto wachanga. Sijawahi kuingia kule. Ni joto kama ndani ya sufuria.

Wilhelmina alinivuta kwa kiwiko. “Njoo uone mnakopeleka mali yenu.”

Alinionyesha mtoto wa kike wa mwanamke anayeitwa Rose, mkulima wa pamba kutoka Sengerema. Alizaliwa wa miezi saba. Siku za mwanzo alipewa maziwa kwa mpira, tumbo likavimba na kukaza kama ngoma, akapata choo cha damu. Daktari Chenge akasema utumbo umeumia, usiguswe na kitu chochote kwa majuma kadhaa. Tangu hapo analishwa kwa mshipa: maji ya sukari, chumvi, kalsiamu kidogo, na zile chupa za lishe tulizoletewa na parokia moja ya Uholanzi. Nilikuwa nazipanga kila siku bila kujua ni chakula cha nani.

“Wengine wanakula kwa mdomo, huyu anakula kwa mguu,” Wilhelmina alisema. Kanula ya njano ilikuwa imefungwa kwenye mguu mdogo kuliko kidole changu gumba, chini yake kipande cha boksi ili usikunjike.

“Haimdhuru?”

“Inamdhuru. Chakula cha mdomo kikimwagika unafuta. Hiki kikitoka nje ya mshipa kinaunguza nyama. Vijidudu navyo vinapenda sukari, vikipata njia vinaingia damuni moja kwa moja. Na ikiwa ndefu sana safari hii, ini linachoka, mtoto anageuka njano.” Alisema yote haya akiukagua mguu kwa kidole. “Mshipa wake ni uzi. Siku mbili, tatu, unakuwa mwekundu. Ukiwa mwekundu nachomoa, natafuta mwingine, kwa kanula mpya. Ndiyo maana nakusumbua pale dirishani. Si kwa sababu ya uzuri wako.”

Sauti yake wodini ni ndogo. Sikujua kama anayo nyingine.

Rose alikuwa ameketi sakafuni akikamua maziwa yake kwenye kikombe ili yasikauke. Kilipojaa alimpa jirani yake mwenye mapacha. Aliziangalia chupa nilizobeba.

“Wewe ndiye wa chakula?” aliniuliza.

Nikasema ndiyo.

“Asante, dada.”

Jumapili, 14 Desemba

Mvua. Nimefua, hakikukauka kitu.

Jumatano, 17 Desemba

Kanula za njano za mgao zimekaribia kwisha. Nilimweleza Bwana Luhende. Alisema Mungu ataifungua reli. Wodi ya kulipia ina mgonjwa mmoja tu, mfanyabiashara wa mbao mwenye presha.

Alhamisi, 18 Desemba

Nimetoa ya mwisho ya mgao. Wilhelmina aliibusu.

Jumamosi, 20 Desemba

Nilikuwa nafunga mapema, kama kawaida ya Jumamosi. Wilhelmina alitokea mvuani, mfuko wa nailoni kichwani, hana karatasi. Hakuniita Bibi Makufuli.

“Nasma, mguu wa mtoto wa Rose unaanza kuwa mwekundu. Nataka nichomoe nihamie mkononi. Nitafutie njano moja, hata iliyoanguka nyuma ya rafu.”

Nilijua sentensi ya kweli. Lipo boksi zima, nimekatazwa. Ningeisema, angepanda kwa Bwana Luhende akiwa na sauti ile, naye angejua nani amesema. Nilimwona Baba amekaa kwenye kiti chake cha asubuhi hadi jioni.

“Zimekwisha, dada.”

“Hata moja?”

“Tangu juzi. Wewe ndiye uliyechukua ya mwisho.”

Alinitazama. Nilidhani ameona. Kumbe alikuwa ananihurumia. “Haya, mdogo wangu. Si kosa lako. Nchi yenyewe imekwisha.” Akajifunika mfuko wake, akapanda ngazi.

Nilifunga kufuli la chini, kisha la juu.

Neno hili nimelirithi. Miaka ile ya uhaba Mama alikuwa muuzaji wa duka la ushirika. Sukari na sabuni zilikuwa chini ya kaunta, za wakubwa, naye kazi yake ilikuwa kusema zimekwisha tangu asubuhi hadi kufunga. Mimi nilikuwa mdogo, nakaa kwenye gunia tupu namsikiliza. Aliniambia: ukimwambia mtu sikupi, umeanzisha ugomvi, ukimwambia zimekwisha, anakwenda zake na bado anakuita mwanangu. Sasa maduka yamejaa sukari mpaka inamwagika barabarani, na mimi nimelitoa lile lile neno, na lugha ile ile ya shingo, kuinamisha kidogo upande wa kushoto.

Jumapili, 21 Desemba

Nyumbani. Mvua haikupumzika. Tumekula sato. Nimejiambia kwamba mshipa mwekundu unaweza kupoa wenyewe.

Jumatatu, 22 Desemba

Haukupoa.

Nilisikia kwa mfagiaji kabla sijafungua dirisha. Nimeandika na kufuta, sasa naandika kama nilivyoelezwa, na kama nilivyoona.

Wilhelmina aliporudi wodini Jumamosi alikuwa na mambo mawili ya kuchagua. Kuchomoa ile kanula, mtoto abaki bila sukari wala maji mpaka ipatikane nyingine; na mtoto wa uzito ule sukari ikishuka anazimika kama kibatari. Au kuiacha, apunguze kasi ya dripu, amtazame. Alijaribu kwanza sindano ya kipepeo ya chuma kichwani, mishipa miwili ikapasuka. Akaiacha ile ya mguuni. Akamtazama kweli, Rose anasema hakuketi. Usiku zamu ilibadilika. Wa zamu ya pili alikuwa na watoto kumi na tano peke yake na umeme ulikatika. Ulipowaka tena, mguu ulikuwa umevimba mpaka goti, unang'aa, na unyayo umebadilika rangi. Chakula kilikuwa kimemwagikia ndani.

Saa za asubuhi Bwana Luhende aliingia stoo, akafunga mlango nyuma yake. Alipanda stuli, akashusha boksi, akalipasua kwa ufunguo.

“Peleka tano wodini. Sema zimenunuliwa leo asubuhi, duka la mjini.”

“Mzee, Jumamosi—”

“Jumamosi mgao ulikuwa umekwisha. Umekwisha au haukwisha?”

“Ulikwisha.”

“Basi. Usijibebeshe mzigo usio wako, binti yangu.”

Nilizipeleka. Nilitamani nizikabidhi mlangoni nikimbie, lakini Wilhelmina alikuwa amemwinamia mtoto na akaninyooshea mkono bila kugeuka, kwa hiyo ilinibidi nifike mpaka pale. Niliuona mguu. Ulikuwa na rangi ya zambarau, na katikati, juu ya unyayo, weusi mkavu kama ganda la mkate lililoungua. Mtoto hakulia. Alikunja uso tu, kama mzee anayekumbuka kitu.

“Zimenunuliwa leo,” nikasema.

“Mungu angezileta juzi,” alisema Wilhelmina.

Rose alikuwa ukutani, kikombe chake mkononi, hakuna maziwa ndani. Aliniitikia salamu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Mtoto ana homa na tumbo limeanza tena kuvimba. Daktari Chenge anasema vijidudu vimepita pale penye kidonda vikaingia damuni. Wamembatiza haraka, maji kutoka kwenye bakuli la vifaa la wodini, lile lenye umbo la figo: Sabina. Kwaya iliimba veranda ya chini bila kujua.

Jumamosi, 27 Desemba

Yuko hai.

Jumapili, 28 Desemba

Yuko hai. Nauliza kwa mfagiaji, siwezi kupanda mwenyewe.

Jumatatu, 29 Desemba

Itaundwa kamati ya uchunguzi. Kuna sheria ya wodi: mshipa ukiwa mwekundu, kanula itolewe mara moja. Wilhelmina ameivunja, na mtu wa kwanza kuandika hivyo ni Wilhelmina mwenyewe. Ameeleza kwamba stoo haikuwa na nyingine.

Bwana Luhende aliniita ofisini, akaniagizia chai. Alinitaka niandike maelezo mafupi. Alinisaidia maneno: *Nathibitisha kuwa tarehe tajwa mgao wa kanula za njano kwa wodi ya jumla ulikuwa umekwisha.* Niliyasoma mara nyingi nikiyatafutia uongo, sikuuona. Kila neno ni la kweli. Nikaweka sahihi. Ilitoka nzuri, na hilo ndilo linaloniogopesha.

“Baba hajambo?” aliniuliza nikiondoka.

Jumatano, 31 Desemba

Mwezi umeandama, kesho ni kufunga. Mama amefurahi. Mwaka unakwisha na mvua haina habari.

Ijumaa, 2 Januari 1998

Nafunga. Mchana, tumbo likinguruma, namfikiria mtu ambaye hajaonja kitu kwa mdomo tangu mwezi wa kumi na moja. Mimi nina magharibi yangu.

Jumatatu, 5 Januari

Wilhelmina amesimamishwa kazi bila mshahara mpaka kamati ikae. Alipita dirishani kukabidhi ufunguo wa kabati la wodi.

“Bibi Makufuli, usinune. Nakuachia shikamoo zako zote, zihifadhi.” Kisha akaingiza mkono kati ya nondo, akanishika kidole. “Nimeona maelezo yako. Umesema kweli kwamba hazikuwepo. Wengine hapa wangejifanya hawajui.”

Nikasema, “Nenda salama, dada.” Hayo tu.

Ijumaa, 9 Januari

Nimemwambia Mama. Alikuwa anakoroga unga wa vitumbua vya futari. Hakuacha kukoroga.

“Ni nani aliyekuuliza?”

“Hakuna.”

“Basi nani unamjibu?”

“Mtoto atakatwa vidole vya mguu, Mama.”

Aliufunika unga, akanawa mikono. Halafu akasema kwamba mwaka ule wa uhaba mkubwa mwanamke mmoja wa Igogo alikuja dukani mara tatu kwa siku moja kutafuta sukari ya uji wa mgonjwa. Mara tatu akamwambia imekwisha. Mara ya nne hakuja. “Sijui mgonjwa alipona au alikufa. Ningeweza kuuliza, Igogo si mbali. Mpaka leo nikienda sokoni napita njia ya juu.”

Baba alikuwa barazani. Alisikia. Wakati wa kufuturu alinisogezea kitumbua chake.

Jumatatu, 12 Januari

Daktari Chenge ameondoa vidole viwili vilivyokufa na ngozi ya juu ya unyayo. Homa imeshuka. Macho yana umanjano, ini limechoka kwa kulishwa kwa mshipa, anasema wanakimbizana nalo: ama utumbo upone wamrudishie maziwa, ama ini lishindwe.

Leo nilipanda. Rose alikuwa analala amekaa. Nilisimama mlangoni nikarudi.

Alhamisi, 15 Januari

Kamati ilikaa kwenye ukumbi mdogo. Bwana Luhende kama katibu, Daktari Chenge, padri mmoja, metroni. Wilhelmina kwenye kiti peke yake, amevaa gauni la kanisani. Mimi niliitwa ili kuthibitisha maelezo yangu tu. Kazi ya kusema ndiyo.

Bwana Luhende alisoma sentensi yangu kwa sauti nzuri. “Haya ni maneno yako?”

“Ndiyo, mzee.”

“Asante, unaweza kwenda.”

Nilisimama. Nilifika karibu na mlango. Sikuwa na ujasiri wowote, naapa. Ila nilimwona Wilhelmina ananitikisia kichwa kidogo, kunitia moyo, kama mtu anavyomtikisia mtoto aliyemaliza kusoma shairi.

“Zilikuwepo,” nikasema.

Metroni akauliza nini zilikuwepo.

“Kanula za njano. Boksi zima. Halikuwa la mgao, lilikuwa la wodi ya kulipia. Sista aliniomba moja nikamwambia zimekwisha.”

“Binti amechoka, yumo kwenye mfungo,” alisema Bwana Luhende.

Daktari Chenge alivua miwani. “Boksi lilikuwa na ngapi?”

“Lilikuwa halijafunguliwa.”

“Nani alikuagiza useme zimekwisha?”

Hapa ndipo nilipotaka kujificha nyuma ya mzee, na mlango ulikuwa wazi. “Kuliweka pembeni aliniagiza Katibu. Kusema zimekwisha, hakuna aliyeniagiza. Nilisema mwenyewe.”

Padri akauliza wodi ya kulipia ilikuwa na watoto wachanga wangapi siku hiyo.

Bwana Luhende alianza kukusanya karatasi zake. Haijawahi kuwa na hata mmoja.

Sikumtazama Wilhelmina. Nilisikia kiti chake kikisogea, nikamsikia akitoka, akipita karibu yangu bila kunigusa.

Jumamosi, 17 Januari

Nimekwenda Buzuruga anakokaa. Nilimkuta uani anachambua dagaa kwenye ungo. Nilikuwa nimetunga maneno njia nzima.

“Shikamoo, dada.”

Hakuitika. Aliendelea kutoa vijiwe kwenye dagaa. Nilisimama hapo, matone ya bati yakinidondokea begani.

“Nimekuja kuomba—”

“Najua ulichokuja kuomba. Keti usije ukaanguka na saumu yako nikapata kesi nyingine.”

Niliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa.

“Kamati imeniletea barua,” alisema. “Nirudi kazini, na onyo kubwa. Onyo ni haki yangu, mshipa ulikuwa mwekundu na kanula niliiacha, hilo hata ungeleta maboksi mia halifutiki. Kwa hiyo usidhani umekuja kunibeba.” Aliupepeta ungo. “Lakini nikuambie kitu kimoja, Nasma. Kama ungeniambia unaninyima, ningevunja ule mlango. Unanijua. Ningempigia Luhende kelele mpaka maaskofu wasikie, ningepata kanula yangu kabla ya giza. Ukaniambia zimekwisha. Mtu unapambana vipi na kitu kilichokwisha? Nilirudi nikapiga magoti. Uliniachia Mungu peke yake, wakati zilikuwa juu ya kichwa chako.”

Sikulia. Nilidhani nitalia.

“Na nilikuhurumia,” alisema. “Hicho ndicho kinachoniuma kuliko onyo.”

Nilikaa mpaka dagaa walipokwisha. Hakunifukuza, wala hakunisindikiza.

Jumatano, 21 Januari

Bwana Luhende amenipa barua. Majaribio hayakuendelezwa, kwa sababu ya upunguzaji. Nimalize mwezi. Aliniita “Bi Nasma”, si binti. Yeye yuko pale pale, na makufuli yanafungwa kwa mpangilio ule ule. Boksi la njano liko rafu ya chini, kila wodi inapewa. Hakuna aliyetamka kwamba utaratibu umebadilika.

Baba alipoiona barua aliikunja vizuri akaiweka mfukoni mwa shati lake la kazi, lililotundikwa ukutani. “Kesho nitakwenda ng'ambo ya soko,” alisema, “wanatafuta mtu wa kupima mbao.” Hajavaa shati lile tangu kiwanda kilipouzwa.

Jumamosi, 24 Januari

Sabina amepewa maziwa ya mama yake, matone kwa kijiko. Yalikaa.

Jumatatu, 26 Januari

Yamekaa. Wameongeza.

Ijumaa, 30 Januari

Idd. Jua lilitoka asubuhi, mawe yote ya mji yakafuka mvuke. Siku yangu ya mwisho kazini ingekuwa kesho, lakini nayo ni sikukuu. Nilikabidhi funguo jana. Wamechomoa dripu ya Sabina. Mfagiaji alikuja mpaka nyumbani kuniambia, akala pilau.

Jumatano, 4 Februari

Nimesikia Rose anaondoka leo, kivuko cha mchana. Nilikwenda kumngoja kwenye geti la hospitali. Sikujua kama ameambiwa. Nilipomwona anashuka ngazi, mtoto mgongoni na furushi kichwani, nilijua ameambiwa, kwa sababu alipunguza mwendo.

Alishusha furushi. Hatukusalimiana.

“Sista kanieleza,” alisema.

Nilimwambia yale niliyoyasema kwenye kamati, bila kupunguza, kwamba boksi lilikuwepo na kwamba neno lilikuwa langu. Nikamwambia naomba msamaha. Neno lilitoka jepesi, kama chenji.

Rose alimzungusha mtoto kutoka mgongoni, akamweka kifuani. Sabina alikuwa macho. Weupe wa macho bado una umanjano kidogo. Mguu ulikuwa umefungwa kitambaa safi, kwa mbele ni mfupi kuliko mwenzake, na nilipouangalia Rose hakuuficha wala hakuufunua.

“Atatembea,” alisema. “Daktari kasema atachechemea. Kwetu watoto wanacheka mtu anayechechemea. Ataniuliza.”

“Ndiyo.”

“Sitamwambia ni mapenzi ya Mungu. Wala sitamwambia nchi haikuwa na vifaa. Jina lako kamili nani?”

Nilitaka kuuliza la nini. Nilijua la nini.

“Nasma Yunus Rahim.”

“Nasma Yunus Rahim,” alisema. Akasema tena, polepole, midomo ikigusa kila jina, mpaka akawa na hakika nalo. Kisha akamrudisha mtoto mgongoni, akakaza kanga, nikamsaidia kuinua furushi kwa sababu hakuweza kuinama vizuri na mtoto mgongoni, naye akaniachia nimsaidie. Akashuka kuelekea kivukoni.